Pumzi Thelathini na Moja za Anastase

Saa nne asubuhi ukumbi bado mtupu, na Urbain anapanga viti vinne. Anavipanga kwa nusu duara katikati ya jukwaa, anarudi nyuma hatua tatu, anavitazama, kisha anasogeza kimoja kwa upana wa kidole. Hicho ni kiti cha mpiga selo, fidla kubwa la sauti nzito linalosimamishwa kati ya magoti. Mbele yake anaweka ubao mdogo wenye kitundu, ili mguu wa chuma wa selo usiteleze wala kukwaruza sakafu.

Halafu anakikalia. Hapaswi kukikalia. Anakaa kidogo, mikono magotini, kisha anainuka na kukifuta kwa kitambaa.

"Hiki nakipanga cha mwisho kila siku," anasema. "Vile vingine ni viti tu. Hiki ni cha Anastase."

Urbain Mushagalusa, mzaliwa wa Bukavu, ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka tisa amekuwa mhudumu wa ukumbi huu mdogo wa muziki katikati ya Stockholm. Viti, stendi za noti, taa zilizoungua, theluji mlangoni, vyote ni vyake. Analipwa kronor elfu ishirini na sita kwa mwezi kabla ya kodi, na kwa upande wa mshahara hana la kulalamikia.

Analo kwingine.

Leo ni Jumatano. Ijumaa saa saba mchana, kampuni moja inayochapisha noti za muziki itafunga kitabu chake kipya na kukipeleka mtamboni. Ndani yake mna muziki ambao Urbain aliunakili kwa mkono wake, pamoja na alama thelathini na moja alizoziweka kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa akikosa pumzi. Kitabu kitasema alama hizo ni za mtu mwingine. Urbain akithibitisha ukweli, zitafutwa. Akinyamaza zitabaki, lakini bila jina la Anastase.

"Ndiyo hayo ya kuchagua," anasema. "Nimzike mara ya pili, au nimwache aitwe Mswidi."

Saa tano wanamuziki wanaingia. Ni vijana wanne: fidla mbili, viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo, na selo. Muziki wa watu wanne namna hii huitwa kwarteti. Hauna mtu wa kusimama mbele na kupunga mikono. Wapigaji wanasikilizana tu, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Mmoja anamwambia Urbain "tack", asante, macho yakiwa kwenye simu.

Urbain anatoka jukwaani na kusimama nyuma ya mlango wa pembeni, ameshika ufagio asioutumia.

Sehemu ya pili ya muziki ni ya polepole. Selo linaanza peke yake, chini kabisa, kama mtu anayezungumza huku ameinamisha kichwa. Kila baada ya muda wote wanne wanainua pinde zao kwa pamoja, na kimya kinapita. Kifupi sana. Kisha wanaendelea.

Mpiga fidla wa kwanza anawasimamisha. "Tuanzie pale tena," anasema kwa Kiswidi. "Ile pumzi ya Tideström. Msiiharakishe, jamani, mwacheni mzee apumue."

Wenzake wanacheka kidogo. Nyuma ya mlango, midomo ya Urbain inacheza bila sauti. Anahesabu.

"Ya kumi na saba," ananong'ona. "Hiyo niliiweka siku Anastase alipoangusha upinde."

Nils Tideström alikuwa karani wa forodha hapa Stockholm, na mwaka 1797 alitunga kwarteti tatu. Picha yake haipo. Miaka ile macho ya wapenda muziki yote yalikuwa Vienna, na watu wa aina yake waliandika jioni baada ya kazi, marafiki wakawapigia sebuleni, kisha kaburi likawafunika pamoja na karatasi zao. Anastase alimpenda kwa sababu hiyo hiyo. "Huyu ni wa kwetu," alikuwa akisema. "Mchana anapiga mihuri, jioni anakuwa mtu."

Karatasi hizo Urbain alizikuta mwaka 2014, alipokuwa msafishaji katika parokia moja upande wa Upplands Väsby. Alifungua kabati akitafuta mishumaa, akaona bahasha nne zilizofungwa kwa uzi. Mtu mwingine angezirudisha. Yeye alikaa sakafuni akazisoma.

Kusoma noti alifundishwa na kwaya ya parokia yao Bukavu, akiwa kijana. Huko alipiga viola iliyokuwa na nyuzi tatu kwa miaka miwili, kwa kuwa wa nne ulikatika na haukupatikana mwingine. Zaidi ya hapo alikuwa mnakili. Mashine ya kutoa nakala haikuwapo, kwa hiyo wimbo mpya ukija, Urbain aliuandika kwa mkono mara thelathini, kila mwanakwaya apate wake.

Mpiga kinanda wa parokia ile ya Upplands Väsby, bibi mmoja aitwaye Felicia, alimruhusu kukaa na bahasha hizo saa ya chakula cha mchana, mradi zisitoke nje ya jengo. Ilimchukua majira mawili ya baridi. Wino ulikuwa umefifia, na mahali pengine panya walikuwa wametangulia. "Akanipa na lenzi yake ya kusomea," Urbain anakumbuka. "Akaniambia, 'Wewe unasoma kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye orodha.' Orodha za namna hiyo nimezisoma."

Alinakili kwa sababu alikuwa na watu wa kuwapigia. Hervé, dereva wa basi kutoka Uvira, alikuwa na fidla. Belyse, Mnyarwanda anayehudumia wazee, alikuwa na ya pili. Viola aliipiga Urbain mwenyewe. Na selo lilikuwa la Anastase Nzoyisaba wa Bujumbura, aliyejifunza seminari kabla ya vita na aliyesafisha treni za mji huu usiku na mchana kwa zamu.

Shida ilikuwa mahali. Katika majengo ya Rågsved, anakoishi Urbain na mkewe Pélagie na binti yao Emmanuella, ukuta mmoja ni wa watu wawili. Ndipo Anastase alipopata wazo la chumba cha kufulia.

Kila jengo la hapa lina chumba hicho chini ya ardhi, chenye mashine za wakazi wote. Unaandikisha saa zako, na saa zikifika chumba ni chako na mtu asikuguse. Sakafu ni ya saruji, kuta za vigae, na sauti inazunguka humo kama kanisani. Wakaandikisha Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja.

"Mimi nikasema huu ni uongo, tumeandikisha kufua," Urbain anasimulia. "Anastase akasema, 'Basi tufue!' Akaweka shuka moja kwenye mashine. Shuka moja tu, jeupe. Tangu siku ile, kabla ya noti ya kwanza, shuka linaingia. Mashine ikifika kwenye kukamua inapiga kelele kama lori, naye anasema, 'Haya, mwenzetu wa tano amefika, ongezeni sauti.'"

Siku moja jirani alibandika karatasi mlangoni: hapa ni pa kufulia, si pa kufanyia harusi. Anastase aliandika chini yake kwa Kiswidi chake cha kupinda kwamba bwana harusi anawakaribisha wote. Jumapili iliyofuata yule jirani, mama wa Kiswidi mwenye mbwa, alikuja kugomba. Akageuza kapu lake la nguo, akalikalia mpaka mwisho.

Mapafu ya Anastase yalikuwa na makovu tangu kambini Tanzania, alikougua kifua kikuu na dawa zikachelewa. Miaka ya mwisho makovu yakakaza. Mtu anaweza kudhani selo halihitaji pumzi, kwamba si tarumbeta. Lakini Anastase alikuwa akizuia pumzi kila alipovuta upinde mrefu, na sehemu ya polepole ina pinde ndefu tupu. Alifika katikati midomo ikiwa ya bluu.

Urbain alifanya alichofanya Bukavu. Alikaa mezani akanakili upya sehemu ile, na mahali ambapo Anastase alihitaji kupumua akaweka alama ya pumzi, koma ndogo juu ya mistari, kama wanavyowekewa waimbaji. Hakuiweka kwa selo peke yake. Aliiweka kwenye karatasi za wote wanne, mahali pale pale.

"Kwenye kwaya hakuna mtu anayepumua peke yake," anasema. "Mmoja akipumua mnapumua wote, msikilizaji asijue nani amechoka."

Kadiri ugonjwa ulivyozidi alinakili tena, akasogeza koma karibu karibu. Ukurasa wa mwisho zinafuatana kama hatua za mtu anayepanda ngazi. Zote aliziandika kwa wino ule ule wa noti.

Kwa nini hakutumia penseli?

Urbain anatazama kiganja chake. "Penseli ni ya mtu ambaye hana hakika. Mimi nilikuwa na hakika. Nilimwona na midomo yake. Lakini hilo ndilo kosa langu, na sina wa kumtupia. Mnakili wa kwaya hafikirii kwamba kuna siku karatasi yake itaulizwa nani aliandika nini. Kwetu karatasi ilikuwa ya kuimbia."

Anastase alifariki Februari, miaka mitatu iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nane. Kwarteti ile haikupiga tena.

Mwaka huo huo bomba lilipasuka katika parokia ile, na karatasi za Tideström zikageuka uji. Felicia alikuwa amestaafu. Alikumbuka, akampigia Urbain: bado una nakala zako? Urbain akazipeleka za vyombo vyote vinne, zile zenye koma, ndani ya mfuko wa plastiki. Alifurahi. Alifikiri, angalau zitapigwa.

Zilipigwa kweli. Parokia ikazituma kwa wachapishaji, wachapishaji wakawapa hawa vijana wanne, na mwezi wa tatu mwaka huu muziki ukasikika katika ukumbi huu huu. Urbain ndiye aliyepanga viti. Ndiye pia aliyeweka vijitabu vya programu kwenye meza ya mlangoni, na ndani akasoma: chanzo, nakala ya mkono usiojulikana.

"Mkono huu?" anasema, akiuinua. "Unajulikana sana. Ndio unaowafungulia mlango."

Siku mbili baadaye gazeti moja la mjini likasifu. Emmanuella, mwenye miaka ishirini na minne, alimsomea baba yake jikoni. Mhakiki aliandika kwamba ajabu ya muziki huu ni vile vituo vya ghafla, visivyo na mfano katika zama zake, na kwamba ukurasa wa mwisho unasikika kama mtunzi anayehisi kifo kinamkaribia.

"Nilicheka mpaka Pélagie akaja kuuliza kuna nini," Urbain anasema. "Kifo anakisikia kweli, yule bwana ana masikio. Ila kifo chenyewe kilipanda treni Vällingby, alikoishi Anastase." Anapangusa stendi ambayo haina vumbi. "Baadaye sikucheka."

Emmanuella alimsaidia kuwaandikia wachapishaji barua kwa Kiswidi. Walieleza alama ni za nani, na kuomba mstari mmoja tu katika kitabu: jina la Anastase Nzoyisaba. Jibu la mhariri, kijana aitwaye Mikael, lilikuwa la heshima na fupi. Kitabu hubeba kile alichoandika mtunzi peke yake. Kama kuna ushahidi kwamba alama si zake, uletwe kabla ya Ijumaa saa saba, nazo zitafutwa kwa shukrani. Bila ushahidi, zitachapishwa kama zilivyo.

"Kwa shukrani," Urbain anarudia. "Nilimwomba mstari wa jina, yeye akanipa kifutio."

Ushahidi upo. Jumapili iliyopita Urbain na Emmanuella walikwenda Vällingby kwa Concessa, mjane wa Anastase. Aliwapokea mlangoni na kitambaa cha jikoni begani.

"Shemeji, umekuja na uso wa polisi. Nani tena amekufa?"

"Hakuna mpya, mama Yvan. Ni yule yule."

"Basi ingieni, yule tumemzoea."

Selo liko bado nyuma ya kochi, ndani ya kasha lake. Concessa alilifungua akatoa, chini ya kitambaa cha kufutia nyuzi, karatasi mbili zilizokunjwa. Ilikuwa nakala ya kwanza kabisa ya sehemu ile ya polepole, ya majira ya baridi ya kwanza, na tarehe ya mwaka 2015 kwa mkono wa Urbain. Haikuwa na koma hata moja. Urbain alikuwa ameisahau.

"Mimi noti sisomi," Concessa alisema. "Lakini hii aliipenda. Alisema ni ya wakati alipokuwa na mapafu."

Urbain akamweleza: hii ikifika kwa Mikael, kila kitu kinakuwa wazi, na kila alama inafutwa. Emmanuella akaingilia kwa Kiswidi.

"Kiswahili, wewe!" Concessa akamkata. "Hapa si ofisini kwao."

"Nimesema papa apeleke, tantine. Ni muziki wa mtu. Hatuwezi kumwekea maneno mdomoni."

"Wa mtu gani?"

"Wa Tideström."

"Amekufa lini huyo?"

"Miaka mia mbili na kitu."

"Basi hana haraka," Concessa alisema, akamimina chai.

Kisha Concessa mwenyewe akaanza, bila kumtazama mtu. Mwezi wa nne, muziki ulipopigwa tena, Urbain alimwingiza ukumbini akamketisha safu ya nyuma. Alikaa mpaka ukurasa wa mwisho wa sehemu ile, akatoka. Wengine walidhani amechoshwa.

"Nililala kando ya pumzi ile miaka ishirini na minane," alisema. "Usiku ikikatika naamka, nangoja irudi, ndipo nalala. Pale ukumbini ikakatika, na mimi nikaanza kungoja. Kati ya wazungu, nimeshika koti langu, nangoja. Halafu ikarudi." Aliweka birika chini. "Alisafisha treni za hapa miaka kumi na saba. Onyesheni behewa moja lenye jina lake. Jina sijalizoea kuliona popote. Lakini ile pumzi, shemeji, ukiipeleka ikafutwe, mimi nitaisikia wapi?"

Urbain anasema swali hilo alirudi nalo nyumbani. Kinachomuuma ni kwamba anamhurumia hata Tideström. "Masikini karani wa watu. Miaka mia mbili hakuna aliyemtaja, na siku wanayomtaja, wanamsifia asichoandika. Tumemfanyia walichotufanyia. Hilo nalijua, na sitaki mtu aniambie nimeshinda. Sijashinda."

Mazoezi yamekwisha. Wanamuziki wanafunga vyombo na kutoka. Mpiga selo ameacha chupa ya maji sakafuni, na Urbain anaiokota. Akiwa katika chumba cha vifaa, kati ya viti vilivyobebana, anatoa uamuzi wake, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo.

Ijumaa hatakwenda. Karatasi ya 2015 hataipeleka, wala hataichana. Mikael akimjia kumuuliza uso kwa uso, atamjibu ukweli. Lakini Mikael hupita mlango huu kila wiki na hajawahi kusimama.

"Kwa Kiswidi nitanyamaza," anasema. "Kwa Kiswahili, andika. Andika jina lake lote. Anastase Nzoyisaba, wa Bujumbura, mpiga selo."

Emmanuella amemwonya kwamba siku hizi simu inatafsiri kila kitu, gazeti la Kiswahili si maficho.

"Nikamwambia, itatafsiri, ndiyo. Lakini simu haiendi yenyewe kutafuta habari za mhudumu. Lazima mtu aitake kwanza. Akitokea wa kuitaka, bon, huyo anastahili kujua, aje Vällingby aone." Nakala moja ya gazeti hili, anasema, itawekwa ndani ya kasha la selo, imekunjwa pamoja na karatasi ya 2015. Concessa amekwisha kubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayelifungua bila kunywa chai kwanza.

Saa saba kamili Urbain anarudi jukwaani kuondoa viti. Jioni kuna mhadhara, na mhadhara unahitaji kiti kimoja. Anavibeba viwili viwili, na kile cha selo anakibeba peke yake.

Jumapili ameandikisha chumba cha kufulia, saa nane hadi saa kumi na moja, mara ya kwanza tangu Februari ile. Hervé atakuja. Belyse amebadilishana zamu. Concessa amesema yeye hafui Rågsved, lakini ameuliza treni ya saa ngapi. Watapiga sehemu ya polepole wakiwa watatu, kiti cha nne kikiwa mahali pake, na kila penye koma watainua pinde na kungoja, mara thelathini na moja.

Na shuka?

"Lipo," Urbain anasema. "Jeupe, moja. Linaingia mashineni kwanza, ndipo tupige. Sisi si waongo."